Siku nne za baiskeli pwani ya Ufaransa bila milima: twende wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Tanga. Mimi nina miaka 57, yeye 63, na goti lake moja humsumbua. Binti yetu anaishi Nantes, na mwezi Juni tutakuwa kwake. Anataka twende naye siku nne kuendesha baiskeli kando ya bahari, pamoja na mjukuu wetu wa miaka sita. Mpango wake ni kufuata ile njia ndefu ya pwani, tukilala mji huu leo na mji ule kesho. Mimi naogopa milima, magari na uchovu. Sisi ni Waislamu, na mimi huvaa nguo ndefu. Inawezekana? Na twende wapi hasa?

JIBU: Shikamoo mama, na salamu nyingi kwa mzee. Inawezekana, tena vizuri sana, ila ningeomba binti akubali kubadilisha jambo moja. Msihame kila siku. Chagueni kijiji kimoja, mlale hapo siku zote, kila asubuhi mtoke na baiskeli isiyo na mizigo, jioni mrudi kwenye vitanda vilevile. Na kijiji hicho kiwe kwenye Île de Ré, kisiwa kilicho mbele ya mji wa La Rochelle.

Njia anayoisema binti inaitwa La Vélodyssée. Inaanzia Roscoff huko Bretagne na kushuka hadi Hendaye, mpakani na Hispania, zaidi ya kilomita 1,200. Ni njia nzuri na vipande vyake vingi ni tambarare. Lakini anayehama kila siku analazimika kufika. Mvua ikinyesha lazima afike, mtoto akisusa lazima afike, goti likivimba siku ya pili lazima afike, maana chumba kimeshalipiwa kule mbele na mabegi yako kwenye keria. Wageni wengi niliowaona wakichukia baiskeli hawakushindwa na umbali. Walishindwa na ulazima huo. Mkiwa na kituo kimoja, mzee anaweza kuamka siku ya tatu akasema leo nakaa kivulini, na hakuna aliyepoteza kitu.

Pwani ya Ufaransa ni ndefu na haifanani. Yale majabali meupe ya Étretat, huko Normandie, ni ya kutazama. Kwa baiskeli ni kupanda na kushuka mchana kutwa. Kati ya Saint-Malo na Cancale kuzuri mno, lakini kila ghuba ina mteremko wa kuingilia na mlima wa kutokea. Côte d'Azur kuna magari mengi na milima inayoishia baharini. Kunakowafaa ni upande wa Atlantiki, kutoka mdomo wa mto Loire kwenda kusini, ambako nchi ni bapa: mchanga, misonobari, na mabwawa ya kale ya chumvi. Mtu wa Paris ningemtajia pia ghuba ya Somme, ambako maji yakipwa sili hujianika kwenye fungu la mchanga, ila kwa anayetoka Nantes ni mbali bila sababu.

Huenda mtu akawatajia Noirmoutier, kisiwa kilicho karibu zaidi na Nantes. Ni kizuri na hakina milima. Sifa yake kubwa ni Passage du Gois, barabara ya kilomita nne na ushee inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku, ambayo huvukwa maji yakipwa tu, kwa kufuata jedwali lililobandikwa pande zote mbili. Mawe yake yana mwani na yanateleza. Ukiwa na mtoto wa miaka sita na vazi refu, hapo pa kwenda kupatazama, si pa kupita.

Sasa Île de Ré. Kina urefu wa kilomita kama 30, na pale kilipo kipana kabisa hazizidi tano. Sehemu yake ya juu iko mita kama 20 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo neno mlima mnaweza kulisahau. Kuna vijiji kumi na njia za baiskeli zaidi ya kilomita 100. Nyingi zimetengwa kabisa na magari na hupita kwenye mashamba ya mizabibu, misitu midogo, kingo za mabwawa na nyuma ya fukwe. Kutoka kijiji hadi kijiji ni mwendo wa nusu saa, pengine chini ya hapo. Hilo la mwisho ndilo muhimu kwenu. Popote mtakapochoka, choo, kivuli na mkate viko karibu.

Kutoka Nantes kuna treni ya moja kwa moja hadi La Rochelle, mwendo wa karibu saa mbili. Kutoka hapo chukueni basi linaloingia kisiwani, na baiskeli mkodi hukohuko. Msihangaike kupakia baiskeli kwenye treni: nafasi zake ni chache, na kwa watu wanne mtajichosha kabla hamjaanza. Basi litawavusha pia daraja, na nina sababu ya kulisisitiza. Daraja la Ré lilifunguliwa mwaka 1988, lina urefu wa karibu kilomita tatu, na katikati limeinuliwa ili meli zipite chini yake. Baiskeli hupita bure na ina njia yake, lakini pale juu upepo hukupiga ubavuni. Aliyekaa miaka bila kuendesha asianzie hapo.

Kijiji cha kulala ningechagua La Couarde-sur-Mer. Saint-Martin ni maarufu zaidi na ina bandari ya kupendeza, lakini usiku ina kelele na vyumba vyake ni ghali. La Couarde iko katikati ya kisiwa: Saint-Martin ni kama kilomita tano, Loix karibu hivyohivyo, Ars nane hivi, na mnara wa taa wa mwisho wa kisiwa kama kumi na nne. Ufuo mrefu wa mchanga uko hapohapo. Maji ya Juni ni ya baridi kwa mtu wa Tanga. Mjukuu ataingia hata hivyo.

Kabla ya kueleza siku zenyewe, niseme juu ya upepo, kwa sababu kwenye nchi bapa upepo ndio mlima. Ninyi watu wa pwani mliokulia na kusi na kaskazi hamhitaji kufundishwa, mnahitaji tu kuujua wa huko. Mara nyingi hutoka baharini, magharibi au kaskazini-magharibi, na siku ya jua huanza kuwa na nguvu baada ya adhuhuri. Kwa hiyo safari ndefu ya kwenda magharibi anzeni mapema, saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, wakati hewa bado imetulia. Mchana upepo utakuwa mgongoni na kuwasukuma hadi nyumbani. Ukifanya kinyume, kilomita kumi na nne za jioni zinakuwa kama thelathini.

Siku ya kwanza isiwe na lengo. Fikeni, kodini baiskeli, rekebisheni viti, kisha jioni mwende Saint-Martin mkarudi. Mji huo umezungukwa na kuta kubwa zenye umbo la nyota alizozisanifu Vauban, mhandisi wa mfalme Louis wa 14, kuanzia 1681. Tangu 2008 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani yake kuna gereza linalotumika mpaka leo. Wafungwa waliohukumiwa kupelekwa Guyana ya Kifaransa walikusanywa hapo kabla ya kupakiwa melini, na msafara wa mwisho uliondoka 1938. Mjukuu hatajali hayo hata kidogo. Yeye mpelekeni kwenye nyasi zilizo chini ya kuta akawaone punda wa Poitou, wenye manyoya marefu yanayoning'inia. Zamani, punda waliofanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi walivishwa suruali ili mbu na nzi wasiwaume miguu.

Siku ya pili nendeni Loix. Kama mtafanya jambo moja tu kisiwani, liwe hili. Njia kutoka La Couarde inapita katikati ya mabwawa ya chumvi, juu ya kingo za udongo, maji kulia na kushoto, na hakuna gari. Mmepita Saadani, mnajua chumvi ya bahari inavyoonekana. Lakini hapa kazi bado ni ya mikono ya mtu mmoja na eneo lake dogo. Wakati wa bamvua bahari hufunguliwa lango na kujaza bwawa kubwa la kwanza. Kutoka hapo maji huteremshwa taratibu, bwawa hadi bwawa, na kila hatua ni ya kina kifupi kuliko iliyotangulia. Jua na upepo huyala. Chumvi iliyokuwa gramu thelathini na kitu kwa lita inafika mara nane hivi ya hapo, ndipo maji yanapokubali kuingia kwenye vitanda vya mwisho vya mraba, vyenye kina cha sentimita chache tu.

Simameni hapo alasiri, siku kavu yenye upepo mwepesi. Juu ya maji hutanda utando mweupe, mwembamba sana. Ukipulizwa na upepo husogea wote pamoja hadi kona moja ya kitanda. Hiyo ndiyo fleur de sel, chumvi ghali inayotiwa juu ya chakula mezani. Mvunaji huiengua kwa chombo bapa chenye mpini mrefu, polepole, kwa sababu akiutikisa utando huo unazama na kuwa chumvi ya kawaida. Ile ya chini, nzito na ya kijivu kwa sababu ya udongo, huivuta kwa reki ndefu ya mbao isiyo na meno na kuirundika ukingoni. Msimu wake ni Juni hadi Septemba, kwa hiyo mtaukuta umeanza, hali ya hewa ikiruhusu. Mvua kubwa ya usiku mmoja huharibu kazi ya siku nyingi. Loix kuna makumbusho madogo ya mabwawa hayo, na wavunaji wengi huuza chumvi yao kando ya njia. Nunueni hapo.

Kwenye mabwawa hayo mtawaona ndege mnaowajua. Yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu ya waridi ni wa aina ileile anayetembea kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na mabwawa ya chumvi ya kwetu. Mwenzake mwenye mdomo uliopinda kwenda juu yuko pia. Juni wana vifaranga, na vifaranga hao hupita njiani bila kuangalia. Punguzeni mwendo.

Siku ya tatu ndiyo ndefu: La Couarde hadi mwisho wa kisiwa, kilomita kama 28 kwenda na kurudi. Njiani mnapita Martray, mahali ambapo kisiwa kinabanwa hadi kubaki kipande chembamba, bahari upande huu na mabwawa upande ule. Dhoruba ya Xynthia ya Februari 2010 iliingiza bahari sehemu hizo, na kuta mnazoziona zimeimarishwa baada yake. Ars-en-Ré mtaiona kabla hamjafika, kwa sababu mnara wa kanisa lake umepakwa nyeupe na nyeusi uwe alama kwa mabaharia. Pumzikeni hapo, mnywe kitu, kisha malizieni hadi Phare des Baleines. Mnara huo wa taa ulianza kazi mwaka 1854 na una kimo cha mita 57. Ngazi zake ni 257, za kuzunguka. Mzee na goti lake abaki chini kwenye bustani. Ngazi za kushuka huumiza goti kuliko baiskeli. Na goti hilo likilalamika mapema, geuzeni Ars. Mtakuwa mmeshaona uzuri mwingi wa njia hiyo.

Siku ya nne rudisheni baiskeli na mpate saa chache La Rochelle kabla ya treni. Mji huo una historia yake na baiskeli: miaka ya 1970, chini ya meya Michel Crépeau, uliweka barabarani baiskeli za manjano za kutumiwa na watu bure, kabla miji mingine mingi haijafikiria jambo hilo. Minara ya kale ya bandari mtaiona bila kuitafuta. Mimi ningewasihi mwingie Musée du Nouveau Monde, makumbusho yanayoonyesha jinsi utajiri wa mji huu ulivyotokana na biashara ya ng'ambo, ukiwemo usafirishaji wa watumwa Waafrika kwenda Amerika. Kwa mtu anayeijua Pangani na Bagamoyo, makumbusho hayo yana uzito wake.

Sasa baiskeli zenyewe. Wewe mama chukua ile yenye fremu iliyoshushwa katikati, yenye kifuniko kamili cha cheni na, ikiwezekana, kinga ya kitambaa au wavu kwenye tairi la nyuma. Maduka mengi ya kisiwani yanazo, ombeni wakati wa kuweka nafasi. Nguo ndefu siyo tatizo, upana ndio tatizo. Dera pana litajaa upepo na kutafuta cheni. Vaa suruali nyepesi ndani, juu yake gauni lisilo pana sana linaloishia juu ya kifundo, na pindo la upande wa kulia, kwenye cheni, ulibane kwa kipini. Mtandio ufungwe nyuma, ncha ziingizwe ndani, helmeti ikae juu yake.

Mzee achukue baiskeli ya umeme bila kuona haya. Ufaransa msaada wa mota hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa, na lazima akanyage pedali, kwa hiyo bado anaendesha. Goti linaepushwa tu na ule mkazo wa kuanza kutoka kusimama na wa kupingana na upepo. Kiti chake kiwekwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini sana ndicho kinachoua magoti, na watu wa makamo hukishusha kila mara wakidhani wanajihami wasianguke. Achague gia nyepesi, akanyage haraka haraka, asisukume kwa nguvu.

Mjukuu kwa sheria lazima avae helmeti, maana inawabana wote walio chini ya miaka 12, hata aliyepakiwa. Kwa umri wake ningekodi ile nusu-baiskeli yenye tairi moja inayofungwa nyuma ya baiskeli ya mtu mzima, naye ana pedali zake. Akitaka akanyage, akichoka atulie. Binti ndiye aivute.

Lakini hatari ninayoiogopa kwenu kuliko zote ni upande wa barabara. Ufaransa wanapita kulia. Mkiwa mwendoni mtafuata wengine na hamtakosea. Mtakosea pale mnapoanza upya: mmetoka dukani, njia iko tupu, mnazungumza, na mazoea ya Tanga yanawapeleka kushoto. Kila mnapopanda baiskeli, binti aseme kwa sauti "kulia". Kwenye mzunguko mnaingia kulia pia, na wanaotoka kushoto kwenu, walio ndani tayari, ndio wanaopishwa. Njia za baiskeli nazo zina pande mbili, kwa hiyo msiendeshe wanne sambamba mkipiga soga. Visikilizio masikioni vimekatazwa na sheria.

Chakula hakitawasumbua, kisiwa kinakula bahari. Ila kome wanaoitwa marinières hupikwa kwa mvinyo mweupe, na migahawa mingi haitaji hilo kwenye karatasi ya bei. Semeni "sans alcool, sans porc". Ulizieni éclade, kome wa mkoa huo: hupangwa wima juu ya ubao, hufunikwa majani makavu ya msonobari, kisha huwashwa moto. Wanaiva kwa moshi na kwa maji yao wenyewe. Kwenye nyumba za galette, chapati za unga mweusi, ile inayoitwa complète ina nyama ya nguruwe. Agizeni ya yai na jibini. Na muwe makini na saa: jikoni nyingi hupika saa sita hadi saa nane mchana, kisha hufunga hadi jioni. Atakayefika saa tisa na njaa atakula biskuti.

Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo Magharibi inaingia wakati huo na Isha inasogea hadi usiku wa manane. Pangeni usingizi wa mchana baada ya Adhuhuri, upepo ukiwa mkali, na mtoke tena Alasiri. Chumba wekeni mapema na mwende katikati ya wiki. Wakazi wa kudumu wa Ré hawafiki elfu ishirini, lakini Julai na Agosti kisiwa hubeba zaidi ya watu laki moja, na njia hizohizo hujaa foleni za baiskeli. Juni, kabla shule hazijafunga, ndiyo bahati yenu.

Mko Tanga, mji wa baiskeli kuliko miji yetu mingi, basi anzeni hukohuko. Azimeni baiskeli mbili, na mwezi mmoja kabla ya safari mwende Raskazone na kurudi asubuhi, mara tatu kwa wiki, bila haraka. Miguu itazoea upesi. Kinachochelewa ni mahali pa kukalia, na hapo hakuna dawa isipokuwa kukaa. Mkiweza kuendesha saa moja na nusu kwa siku mbili mfululizo, na siku ya pili mkakaa kwenye kiti cha baiskeli bila kukunja uso, hata ile siku ndefu ya mnara wa taa mtaimudu.